Kumtafuta Chiriku Mkahawa kwa Mkahawa

9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umekuachia kidogo. Mimi nimefika salama, ila miguu ilivimba safarini mpaka kuvua viatu ikawa kazi ya watu wawili, na mimi nilikuwa peke yangu.

Kampuni imenipa chumba juu ya duka la rangi. Harufu yake inapanda ngazi pamoja nami kila jioni, hata mkate wangu sasa una ladha ya vanishi. Dirisha linatazama ukuta wa jengo la jirani. Nikinyoosha mkono naugusa. Kazi ni ileile, kufufua lifti za majengo ya zamani. Mchana kutwa nimo ndani ya shimo napaka kebo grisi, nasikia viatu vya watu vikipita juu ya kichwa changu. Nikitoka, wenye viatu wameshaenda kwao.

Sasa lile uliloniagiza. Sijalisahau. Ulisema nimtafute binti yako Chiriku, nisimwulizie kwa mtu, nisikutaje wewe, nimwone tu kwa macho kama yupo mzima, kisha nikuandikie. Yule rafiki yake wa chuo alisema anafanya kazi kwenye mkahawa wa hawa wanaokaanga buni zao wenyewe, ila jina la mkahawa hakulijua. Nikadhani mji mzima una mmoja wa namna hiyo, au miwili. Dada, ni mingi kama maduka ya dawa! Kila mtaa una wake, kila mmoja na mwenyewe, na kila mwenyewe anaapa kwamba wenzake wote hawajui kahawa.

Jumamosi nimeanza na ulio karibu. Unanijua mimi ni mtu wa chai, basi nikaagiza chai. Jamaa wa kaunta akanitazama kama nimeingia kwa kinyozi nikaomba viatu. "Mzee, hapa ni kahawa tu." Akapima buni kwenye mizani ndogo kama ya sonara, akasaga, akatia kwenye karatasi ya kuchujia, kisha akawa anamwaga maji ya moto taratibu, anazungusha birika, kama anayemnywesha mgonjwa. Akaniambia nikinywa nitasikia chungwa.

Nilisikia kiungulia.

Chiriku hakuwepo. Wiki ijayo naenda mwingine.

Mdogo wako, fundi lifti

4 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya kiungulia. Mimi sijambo. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Shule mpya imeniletea oda ya sare, kwa hiyo sebule yote ni sketi za bluu, na ukija leo utakaa juu ya sketi. Wifi yangu hajambo? Mwambie namsalimu sana. Mlienda wote au atakufuata baadaye?

Najua utasema nikupigie simu tuongee. Simu yangu ni mbovu, haisikiki. Wewe andika. Barua haina haraka na haikati.

Kuhusu huyo binti, usidhani nimekaa nalia. Nataka kujua tu. Aliacha chuo cha uuguzi ukiwa umebaki mwaka mmoja, akaniambia anakwenda kupika kahawa. Nikamwambia kahawa hata mimi napika, na sikuisomea. Alinuna, mimi nikanuna, lakini tukaendelea kusalimiana kwenye simu. Kisha ghafla akanyamaza. Nilimwomba binti wa jirani anipigie ile namba yake, akasema haipo tena. Tangu hapo ni mwaka wa pili huu. Mtoto tuliyemwita Chiriku kwa sababu alikuwa akianza kuongea kabla hajafumbua macho! Nimejiuliza nilimkosea nini, sijapata.

Chumba chake nimetia majora ya vitambaa. Kitanda sijakitoa.

Hebu niambie, hiyo mikahawa ikoje? Watu wanakaa kwenye viti au mikeka? Wanaofanya kazi humo wanavaa nini? Wanakula?

Dada yako

28 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nashukuru kusikia oda imekuja. Huku mvua zimeanza, mashimo ya lifti yanajaa maji, na mimi na pampu tumekuwa marafiki.

Uliuliza mikahawa ikoje. Nimeshazunguka mingi, acha nikueleze. Upo mmoja kwenye kijia kati ya majengo mawili, upana wake kama ubao wa kupigia pasi. Hakuna kiti. Unakunywa umesimama, umebana kiwiko usimwagie mwenzio. Upo mwingine ulikuwa duka la vitabu. Rafu zimebaki, zimepangwa mifuko ya buni, kila mfuko umeandikwa shamba lilikotoka na jina la mlima. Upo wa bwana mmoja wanamwita Daktari kwa sababu anavaa koti jeupe. Nilimwomba sukari. Akaniambia, "Sukari ni ya kahawa yenye aibu. Hii yangu haina la kuficha." Nikanywa hivyohivyo, machozi yakinilenga.

Na upo wa mama mmoja anayekaanga mwenyewe uani, kwenye pipa la kuzungusha. Alinipa kiganja cha buni mbichi ninuse. Zinanuka majani makavu, Dada, hazina dalili yoyote ya kahawa. Alinionyesha zikigeuka rangi, akaniambia nisikilize. Zikifika, zinapasuka, tak tak, kama mtu anayevunja vijiti. Hapo ndipo anazitoa haraka. Nikamwuliza, na ukichelewa? Akasema, "Unapata ile ya nyumbani kwenu." Hata sikujua kama ananitukana.

Wafanyakazi wanavaa aproni, nyingi za ngozi kama za washona viatu. Wengi ni vijana. Nawatazama wote usoni, mpaka msichana mmoja aliniuliza kama tunajuana.

Kinachonishangaza zaidi ni ukimya. Mkahawa umejaa, lakini kila mtu ana meza yake na kompyuta yake, kama wanafunzi kwenye mtihani. Naweza kukaa saa nzima, neno pekee nililotamka likiwa "asante". Nikirudi chumbani natamka kitu chochote kwa sauti, hata "mkasi" au "ndoo", ili nijue bado naongea.

Nimempa fundi mwenzangu anayekuja likizo huko akuletee simu mpya. Ukiipata tu, nipigie. Nitafurahi kukusikia.

Mdogo wako

5 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa. Sare zilinimaliza. Simu nimeipata, nzuri, inang'aa, Mungu akubariki. Lakini nayo ni kama ile ya kwanza. Nadhani ni mtandao wa huku. Nimeiweka kwenye kabati isichubuke.

Habari za hapa si nyingi. Mama Pacha wa nyumba ya pili amenisusa. Anasema siku hizi najiona, ananisalimia mgongoni siitikii. Mimi hajanisalimia! Watu wa sasa wanaongea chinichini, kama kila jambo ni siri, kisha wanakulaumu. Na yule muuza maji kaacha kuja, ati anapiga hodi mpaka anachoka. Basi nachota mwenyewe.

Kwa hiyo siku zinapita bila mtu kuingia hapa, zaidi ya wateja, nao wakishapimwa wanaondoka. Sisikitiki. Nina kazi.

Nilimsalimu wifi barua iliyopita, hajajibu. Ana kinyongo na mimi? Mwambie kama ni lile gauni nililombana kiunoni, nitalifumua.

Endelea kunieleza habari za mikahawa. Ile ya mama wa pipa nimewasomea wateja wawili, wamecheka.

Dada yako

18 Mei

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nimepunguza kuzunguka. Nimepata mkahawa mmoja unaonifaa, naenda huo tu kila Jumamosi. Uko chini ya ngazi za jengo la ofisi za mawakili, mlango mfupi, lazima uiname. Ndani kuna meza nne na benchi la mbao lililong'arishwa na makalio ya watu. Buni zinakaangwa hapohapo asubuhi, kwa hiyo ukuta wote una rangi ya moshi. Kahawa yao haichomi. Kuna kitu kitamu kinabaki kwenye ulimi, nimeshindwa kukipa jina.

Siku hizi chai siinywi sana.

Kazi inaendelea. Baridi imeanza. Ni hayo tu.

Mdogo wako

1 Juni

Mdogo wangu,

Umemwona.

Usinifanye mtoto. Wewe ni mtu uliyezunguka mji mzima ukanieleza mpaka upana wa ubao wa pasi, leo unaniambia umepata benchi linalokufaa! Barua yako ina ngazi, ina mlango, ina ukuta, ila haina mtu. Nani alikupikia hiyo kahawa?

Yupo mzima? Amekonda? Ana nani? Nijibu hayo tu, mengine sikuulizi.

Dada yako

20 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Yupo. Ni mzima. Amekonda, lakini si vibaya. Anaishi peke yake.

Nilitaka kukuandikia siku ileile niliyomwona, akanikataza. Juzi ameniruhusu, kwa hiyo sasa nakuandikia yote, hata yatakayokuuma.

Ilikuwa mwanzoni mwa Mei. Niliinama nikaingia, yeye akiwa amenipa mgongo anagonga masalia ya kahawa kwenye pipa. Nilimjua kwa anavyosimama, mguu mmoja juu ya mwingine kama korongo. Akageuka. Hakushtuka. Akaniuliza, "Mjomba, unatumia sukari?" kana kwamba tulikuwa pamoja jana.

Nikasema, "Hapana. Nimeacha."

Akanipikia, akaniletea mwenyewe, akaenda kuhudumia wengine. Nilipokuwa natoka akanishika mkono mlangoni. "Ukimwambia Mama, nahama." Basi nikanyamaza. Kila Jumamosi nikawa naenda, nakaa kwenye lile benchi. Chiriku wetu wa zamani hayupo, Dada. Huyu anaongea kwa kipimo, kama buni zake. Lakini akileta kikombe anaacha swali moja. "Bado anashona?" Wiki nyingine, "Mgongo wake je?" Na wiki nyingine, "Chumba changu kimepangishwa?" Nikamwambia kina majora, na kitanda kipo. Akakaa chini. Mkahawa ulikuwa na watu, wakasubiri.

Ndipo akaniambia. Mwaka juzi aliugua tumbo ghafla, akafanyiwa upasuaji huku, bila ndugu, bila rafiki. Alipozinduka aliazima simu ya muuguzi akakupigia. Anasema alikwambia hivi: "Mama, niko hospitali. Wamenipasua. Naogopa, nataka kurudi nyumbani." Na wewe ukamjibu, "Haya, vizuri, vizuri. Kazi njema, mwanangu." Ukakata.

Alipotoka hospitali akatupa namba yake. Anasema alijua umeshamfuta.

Dada, nimekujua tangu nikiwa mgongoni kwako. Huwezi kumwambia mtoto aliyepasuliwa "kazi njema". Nimelala nalo, nimeamka nalo. Tafadhali niambie, siku ile ulisikia alichosema?

Mdogo wako

3 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaifanya karatasi ya kukatia mitindo ya kola. Leo naiandika mpaka mwisho.

Sikusikia.

Siku hiyo naikumbuka, kwa sababu nilifurahi kwamba amepiga. Nilisikia sauti, nikajua ni yake, basi. Maneno yalikuwa kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Nikabahatisha. Ndivyo ninavyoishi. Mtu akinyamaza akanitazama, najua ni zamu yangu, nasema "vizuri". Mara tisa katika kumi linafaa. Kuna mzee alikuja kunipa habari ya msiba wa mkewe, nikamwambia vizuri. Tangu hapo hajanisalimia, na mimi sikujua kwa nini mpaka nilipokuja kupata habari ya mazishi.

Ilianza na cherehani. Nilidhani fundi ameitia mafuta mengi, maana ilikuwa inakwenda bila mlio. Nikamsifu! Kisha mvua ikawa inanyesha juu ya bati nami najua kwa kuona dirisha limelowa. Simu zote mbili ni nzima. Mtandao nao ni mzima.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Unamkumbuka bibi yetu alivyokuwa mwisho. Walimweka kwenye kona, wakawa wanamwongelea yeye aliyekaa palepale, na wakitaka kumpa chakula wanapiga kelele mpaka kuku wanakimbia. Nilisema mimi hapana. Na wateja? Nani ampelekee kitambaa fundi asiyesikia vipimo? Wananitajia, mimi nasoma midomo, nawaomba warudie ati nimesahau. Nimekuwa fundi msahaulifu. Hilo wanalivumilia.

Kumbe mwanangu alikuwa amelala kapasuliwa, na mimi namtakia kazi njema.

Mwambie, au usimwambie. Mimi sijui lililo jema. Ila usinihurumie kwenye barua, sitaisoma.

Dada yako

25 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Sikuhurumii. Nina hasira kidogo, nitakuja kukupa ana kwa ana, nikiwa nimekutazama usoni. Nilipopita kwako mwaka ule ulikuwa ukinitazama mdomo muda wote, nikadhani nina kitu kwenye meno. Nilienda kwenye kioo mara mbili!

Nimemwambia. Niliingoja Jumamosi, nikangoja mkahawa upungue watu. Alikuwa anafuta ile mashine ya mvuke. Nilimsomea barua yako yote, hata habari ya yule mzee wa msiba. Nilipofika hapo akacheka, akaziba mdomo kwa kitambaa cha mashine, akaendelea kucheka mpaka nikaona si kicheko tena.

Kisha akakasirika. "Miaka miwili, Mjomba! Si angeandika? Mbona wewe anakuandikia?"

Nikamwambia, "Hakuwa na pa kukuandikia."

"Angetafuta!"

"Mimi hapa nimetumwa na nani?"

Akarudi kufuta palepale alipokwisha kufuta. Akasema, "Niliongea kwa sauti ndogo. Kulikuwa na wagonjwa wamelala."

Jumamosi iliyofuata sikumkuta. Mwenye mkahawa, bwana mpole mwenye kigugumizi, akaniambia ameomba ruhusa na hakusema anakwenda wapi. Nilikwenda hata kwenye chumba anachopanga. Kufuli. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa sijui kama yuko huko kwako au amehama kama alivyonitisha. Kama amehama, basi ni mdomo wangu.

Jambo jingine. Umenisalimia wifi yako mara mbili na mimi nalipita kama shimo la barabarani. Hayupo huku. Aliondoka mwaka jana, kabla sijachukua kazi hii. Hatukugombana. Alisema tunaishi wawili lakini anakula peke yake, kwa kuwa mimi nikirudi kutoka kwenye mashimo yangu sina la kusema. Alikuwa sahihi. Nilichukua kazi ya mbali kwa sababu nyumba ile ilikuwa na vyumba vingi mno. Lile gauni alilipenda, usilifumue.

Nisamehe barua imekuwa nzito. Nijulishe upesi.

Mdogo wako

14 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba mara mia. Yuko hapa! Wakati naandika amelala, na miguu imetokeza nje ya kitanda kama zamani.

Nilikuwa kwenye cherehani, napiga pindo la pazia, kivuli kikaja juu ya kitambaa. Nikadhani ni mteja. Nikasema bila kuinua kichwa, "Karibu, kaa, namalizia." Kivuli kikakaa. Nikamalizia pindo lote, mdogo wangu, mpaka mwisho, na mwanangu amekaa pembeni kwenye kigoda ananingoja. Nilipoinua macho nilijichoma sindano.

Hakunikumbatia, na mimi sikumkumbatia. Alichukua kigoda akakisogeza mpaka magoti yetu yakagusana, akanitazama usoni, akasema polepole, kwa mdomo mpana, "Mama. Niko hospitali. Wamenipasua. Naogopa. Nataka kurudi nyumbani."

Nikaliona kila neno. Nikamwambia, "Rudi."

Hapo ndipo tulipolia, na mteja wa kweli akaingia akatoka.

Usidhani mambo yamenyooka. Siku ya pili tuligombana kuhusu chuo, ya tatu kuhusu chumvi. Ananikasirikia ghafla, akiwa anaosha vyombo, akiwa anafagia, na mimi namwacha. Kuna saa anakaa uani peke yake na sijui niende au nisiende. Kahawa yake nimeionja. Imenishinda. Amesema mdomo wangu umeharibiwa na maisha.

Amenipeleka kupimwa. Sikio la kulia limekwisha, la kushoto limewekewa kifaa kidogo. Mdogo wangu, dunia ina kelele! Mlango wangu unalia kama mbuzi na hakuna aliyewahi kuniambia. Nilikwenda kwa Mama Pacha nikamweleza, akaniangalia, akaenda ndani akaniletea kiti. Yule mzee wa msiba sijamfikia. Napanga maneno.

Chiriku alisema atakaa mpaka mwisho wa mwezi. Jana nimemsikia akiongea kwenye simu na yule bwana wa kigugumizi. Nimemsikia, sikubahatisha. Alimwambia asimngoje.

Kuhusu wifi, pole. Nilidhani kati yetu wawili wewe ndiye mwenye watu. Mkataba wako ukiisha, usirudi kwenye hiyo nyumba ya vyumba vingi. Pitia hapa kwanza. Nitatoa majora.

Dada yako

6 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea ndani ya shimo la lifti, kwa taa ya kichwani, na kijana wa juu akaniuliza nacheka nini.

Nitakuja. Lakini kampuni imeongeza majengo, kwa hiyo mkataba unasogea mpaka baada ya mwaka mpya. Usitoe majora bado. Mwambie Chiriku nimemsikia alivyokataa kurudi, na sina neno. Ningekuwa yeye ningekaa.

Jumamosi nilikwenda kule chini ya ngazi. Miguu ilinipeleka yenyewe. Kwenye mashine yupo msichana mwingine, ana haraka, anagonga vitu. Mwenye mkahawa alikuja kunisalimia, akataka kusema kitu kuhusu mpwa wangu, neno likamkwama, akaishia kunigusa bega. Nikaagiza. Nikakaa.

Ilikuwa ajabu, Dada. Miezi yote hii nimeingia kwenye mikahawa nikitazama nyuso, na kila niliouona haukuwa ule nilioutaka, nikawa naziacha kama mtu anayechambua mchele. Safari hii sikuwa na ninayemtafuta. Nikawaona. Kuna mwanamke anayesahihisha karatasi za mtihani na kuguna. Kuna kijana aliyevaa suti iliyombana, anafanya mazoezi ya kusema maneno fulani bila sauti. Kuna mzee wa rika langu, na aproni yenye madoa ya rangi. Nadhani ni wa lile duka chini ya chumba changu. Tangu Februari namkanyagia dari yake na sijawahi kumwamkia.

Alikuwa amesimama na kikombe chake, anatafuta pa kukaa. Akanijia.

"Samahani, benchi hili lina mwenyewe?"

Nikajikohoza kwanza, maana sikuwa nimesema neno tangu asubuhi.

"Halina," nikamwambia. "Karibu ukae."

Mdogo wako